Mashine Iko Garissa, Mgonjwa Yuko Hagadera

Garissa ilipopata kituo cha saratani cha kanda, kilichozungumzwa zaidi ni mashine ya mionzi, na si bure. Kwa miongo mingi mgonjwa wa Kaskazini Mashariki aliyehitaji tiba hiyo katika hospitali ya umma alifunga safari ya kilomita zipatazo 370 hadi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, akapange foleni na nchi nzima. Lakini hospitali ya saratani haianzi na mashine. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza katika Hospitali ya Mulago mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958, uvimbe unaofura kwenye taya la mtoto hadi meno yakalegea. Haikuwa na mionzi. Ilikuwa na dawa, maabara ya kuthibitisha ugonjwa, na wahudumu waliomfuata mtoto kijijini kuona kama uvimbe umerudi. Mashine ya kobalti ilikuja baadaye sana, na ilipokufa kabisa mwaka 2016, nchi ilikaa zaidi ya mwaka bila tiba ya mionzi. Taasisi yenyewe haikufunga milango.

Hagadera, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, iko takriban kilomita 100 kutoka Garissa. Saratani ya umio inaisumbua kanda hii, na chai ya moto mno ni mojawapo ya vinavyoshukiwa: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 yumkini huisababisha. (Chai yenyewe haina kosa, iachwe ipoe kidogo.) Ugonjwa huanza polepole. Nyama hukwama, kisha anjera, mgonjwa anahamia maziwa na uji, na nyumbani wanadhani ni vidonda vya tumbo. Anapofika hospitali ya kambini, njia ya chakula imeshakuwa nyembamba. Hapo kinachotangulia ni kamera ya kushuka kooni na kipande cha uvimbe kinachopelekwa maabara. Bila majibu hayo, hakuna daktari wa mionzi atakayempangia dozi.

Wapo watakaosema kambi ishughulikie kwanza kipindupindu na utapiamlo. Ingekuwa hoja nzito kama kambi ingekuwa ya miezi sita. Hii ina zaidi ya miaka 30, na waliozaliwa humo sasa ni wazazi. Wengine huuliza faida ya kugundua ugonjwa uliokwisha kuenea. Faida ipo: mrija wa kupanua umio humwezesha mgonjwa kumeza tena hata pale ambapo hatapona. Kigumu zaidi ni safari. Mionzi hutolewa kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mkimbizi anahitaji kibali cha kutoka kambini, nauli, na mahali pa kulala Garissa. Bajeti isiyo na kitanda cha mgonjwa huyo na cha ndugu anayemuuguza imenunua mashine, haijajenga hospitali.