Udongo, Mti na Ukoo: Somo la Ardhi Nile Magharibi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwa nini udongo wa nyanda za juu za Arua unachoka. Mvua inayozidi milimita 1,200 kwa mwaka husukuma virutubisho chini, mahali ambapo mizizi ya maharage na karanga haifiki. Zamani vichaka vilivyoota kwenye shamba lililolazwa vilivirudisha juu kwa mizizi yao mirefu na majani yaliyodondoka. Siku hizi, kuzunguka Onduparaka na vijiji vingine vilivyo kandokando ya jiji la Arua, ni nadra kumpata mwenye nafasi ya kulilaza shamba miaka mitano. Muhogo hufuata muhogo, na mbolea ya dukani, ambayo wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja mwaka 2006 walitaka ifikie kilo 50 kwa hekta, mkulima wa Uganda hutumia kilo chache mno. Hayo yote yanafundishika, na yanafundishwa. Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013 pale pale Arua, kina masomo ya kilimo na mazingira. Makerere imefundisha kilimo tangu enzi za ukoloni. Na kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi hakiko mbali. Hoja ya makala haya ni kwamba anayehitimu usimamizi endelevu wa ardhi akiwa anaujua udongo peke yake amesoma nusu ya somo. Nusu iliyobaki inauliza ni nani mwenye kauli juu ya shamba, kwa muda gani, na kwa mapatano na nani. Bila majibu hayo, ile nusu ya kwanza hubaki darasani.

Tuanze na sheria. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinatambua miliki za aina nne nchini Uganda: ya kimila, ya umiliki huru, ya mailo na ya kukodi. Nile Magharibi, kwa Walugbara wa Arua na kwa Wakakwa wa Koboko, sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila. Chini ya miliki hii mtu aliyeazimwa shamba, au mke anayelima ardhi ya ukoo wa mumewe, au dada aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, anaweza kupanda karanga, ufuta au maharage bila kuulizwa na mtu. Mti ni jambo jingine. Karanga huvunwa baada ya miezi michache na haki ya mkulima huisha pamoja na mavuno, lakini mti hukaa, na aliyeupanda huonekana kuwa anadai ardhi yenyewe. Kwa hiyo wanawake, ambao mikono yao ndiyo inayogusa udongo kila siku, mara nyingi hawana ruhusa ya kufanya jambo ambalo kitabu cha chuo hulitaja kwanza: kupanda miti shambani. Makinga maji nayo yana shida ya namna hiyo. Tuta la kukinga maji halina budi kufuata usawa wa mlima, na usawa huo hupita katika mashamba ya familia tatu au nne. Mmoja akikataa, maji yote hukusanyika kwenye pengo lake na kuchimba korongo. Mwanafunzi hodari ataimaliza hesabu ya mwinamo na ya nafasi kati ya tuta na tuta kwa alasiri moja. Kuwaketisha wenye mashamba wakakubaliana kunaweza kuchukua msimu mzima, na ni wapi katika mtaala anapofundishwa kazi hiyo?

Ushahidi mzito zaidi umeletwa na vita vya jirani. Mapigano yalipolipuka tena Juba mnamo Julai 2016, makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalifunguliwa mwezi uliofuata wilayani Yumbe, jirani ya Koboko, na kabla ya mwaka kuisha yalikuwa yamepokea watu zaidi ya 200,000. Imvepi ilifunguliwa upya mapema mwaka 2017, Rhino Camp ikapanuka, na Lobule, ndani ya Koboko, imewahifadhi Wakongo. Kusini magharibi mwa nchi, kama Nakivale, wakimbizi wamekaa kwenye ardhi iliyotengwa na serikali. Huku kwetu ardhi ni ya koo, na ilitolewa kwa mapatano na wazee. Familia ya mkimbizi ilipimiwa kiwanja cha mita 30 kwa 30, chini ya robo ekari, kisha ikahimizwa kupanda miti na kurutubisha udongo ambao haijui itaukalia hadi lini. Mwenye ardhi naye ana sababu ya kuuogopa mti uliopandwa na mgeni. Wakati huohuo kuni za kupikia lazima zitoke mahali fulani. Picha za setilaiti zitamwonyesha mhitimu wetu miti ilivyopungua mwaka hadi mwaka, lakini hazitamwambia ni mti upi una mwenyewe, ni upi wa ukoo, wala ni nani anayeruhusiwa kuukata. Amri ya Rais ya mwaka 2023 iliyopiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi ilikuwa na nia njema. Hata hivyo, haikuyajibu maswali hayo, na mtu mwenye njaa aliye karibu na mti usio na msimamizi huukata.

Wapo watakaosema tatizo ni watu kuwa wengi, na kwamba hakuna shahada itakayoongeza ekari. Hoja hii isidharauliwe. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti kwa Walugbara kuanzia mwaka 1949, aliukuta tayari msongamano ukiwasukuma vijana kwenda kufanya kibarua Buganda na kwenye mashamba ya miwa. Lakini mfano wa Machakos, Kenya, unakataa kwamba msongamano ndio mwisho wa habari. Tiffen, Mortimore na Gichuki walionyesha mwaka 1994 kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, huku mmomonyoko ukipungua. Matuta yalijengwa kwa sababu wakulima walikuwa na uhakika wa ardhi yao na soko la Nairobi lilikuwa karibu. Tanzania inatupa ulinganisho wa wazi zaidi. Kule Kondoa, mwaka 1979, mifugo yote iliondolewa kwa amri katika eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi, lakini wafugaji ndio waliolipa gharama. Shinyanga, kuanzia mwaka 1986, mradi wa HASHI ulishika njia nyingine: ulihuisha ngitili, malisho ambayo Wasukuma walikuwa wakiyafunga wenyewe ili wayatumie wakati wa kiangazi, kila moja likiwa na mwenyewe au kijiji cha kulisimamia. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudiwa na miti. Wataalamu wa misitu walikuwepo, lakini mafanikio yalitokana na kukubali kwanza utaratibu wa umiliki walioukuta.

Pingamizi la pili ni la wazazi, na ni la haki: mtoto atapata kazi wapi? Huduma ya washauri wa kilimo ya NAADS, iliyoanza mwaka 2001, ilivunjwa mwaka 2014, na ugawaji wa mbegu na miche ukaingia mikononi mwa wanajeshi chini ya mpango wa Operation Wealth Creation. Mabwana shamba wakawa wachache mno kwa wakulima waliopo. Sitawaambia wazazi kwamba ajira ziko tele. Ninachosema ni kwamba mche unaogawiwa bila kuuliza ardhi ni ya nani ni fedha ya umma inayotupwa, na kwamba halmashauri za wilaya, mashirika yanayohudumia wakimbizi na koo zenyewe zinamhitaji mtu anayeweza kusoma udongo asubuhi na kuketi na wazee jioni. Chuo kinaweza kumlea mtu huyo bila gharama kubwa. Kimpe shamba halisi la familia halisi tangu mwaka wa kwanza. Alifuate hadi ahitimu, apime udongo wake kila msimu, achore mipaka yake pamoja na majirani, na aandike nani alikubali nini na nani alikataa. Wanasheria watalalamika kwamba anaingilia kazi yao. Mhitimu huyu hataamua kesi; atajua tu pa kutopanda mti hadi mazungumzo yamalizike.

Wiki ijayo tutaichunguza hati ya umiliki wa kimila iliyowekwa na Sheria ya 1998, na hasa swali ambalo wapimaji hulipita haraka: hati inapoandikwa, ni jina la nani linaloingia, na dada na mke wanabaki na nini.