Upepo, Mafuta na Bei: Utafiti wa Vyuo Vikuu juu ya Meli Zisizochafua Hewa

1. Utangulizi

Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa baina ya nchi na nchi, zikipimwa kwa wingi wake, husafirishwa kwa njia ya bahari. Shaba na kobalti zinazochimbwa Kolwezi na Likasi huvuka mipaka kwa malori au kwa reli hadi bandari za Dar es Salaam, Durban au Lobito, na huko hupakiwa melini. Mashine, mbolea, dawa na magari yanayoingia Katanga hupita njia hizo hizo. Kwa hiyo mambo ya meli yanamhusu hata mtu ambaye hajapata kuiona bahari.

Karibu meli zote kubwa huendeshwa kwa mafuta yanayotokana na mafuta ghafi. Yanayotumiwa zaidi, kwa kuwa bei yake ni nafuu, ni mafuta mazito, yaani masazo meusi yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na mazuti kutolewa. Yakiungua, hutoa hewa ya ukaa, ambayo hukaa angani muda mrefu na kuzuia joto la dunia lisitoke. Kwa mujibu wa uchunguzi wa nne wa Shirika la Kimataifa la Bahari, uliotolewa mwaka 2020, meli za dunia zilitoa hewa chafu zipatazo tani milioni 1076 katika mwaka 2018, yaani karibu asilimia 3 ya zote zinazosababishwa na binadamu.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya watafiti wa vyuo vikuu wanaotafuta namna ya kuondoa uchafu huo. Kazi yao inagawanyika katika pande tatu: kupima, kuunda na kuhesabu gharama. Itaonekana kwamba kikwazo kikubwa si upungufu wa maarifa. Maarifa mengi yalikuwapo tangu zamani. Yaliyoyashinda ni mambo ya bei.

2. Kupima kisichoonekana

Kiwanda kina mahali pake, na nchi kilipo yaweza kuulizwa juu ya moshi wake. Meli haina mahali. Mwenyewe huenda ni wa nchi moja, bendera yake ni ya nchi nyingine, mafuta yamenunuliwa katika nchi ya tatu na kuchomwa katikati ya bahari isiyo ya mtu. Ndiyo maana Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 haikuutia moshi wa safari za kimataifa za meli katika hesabu ya nchi yoyote, bali iliuachia Shirika la Kimataifa la Bahari, lenye makao yake London.

Kwa muda mrefu hesabu za moshi huo zilitegemea taarifa za mafuta yaliyouzwa, na taarifa hizo zilikuwa na mapengo mengi. Mageuzi yalikuja na uchunguzi wa tatu wa Shirika hilo, uliotolewa mwaka 2014. Kazi hiyo iliongozwa na Taasisi ya Nishati ya University College London, na mwandishi wake mkuu alikuwa Tristan Smith. Njia yao ilikuwa hii: kila meli kubwa hulazimika kutangaza mahali ilipo na mwendo wake kwa ishara za redio, ili isigongane na nyingine. Ishara hizo hupokewa na vituo vya pwani na satelaiti. Watafiti walizikusanya, wakaziunganisha na maelezo ya injini na ukubwa wa kila meli, wakakadiria saa kwa saa mafuta yaliyochomwa. Jumla waliyoipata kwa mwaka 2012 ni tani milioni 938 za hewa ya ukaa.

Njia hiyo ilidhihirisha pia jinsi mwendo ulivyo na uzito katika jambo hili. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, meli nyingi zilipunguza mwendo, na moshi ukapungua. Sababu yake ni kanuni ya maumbile. Meli ikiongeza mwendo, upinzani wa maji hukua upesi kuliko mwendo wenyewe, hata nguvu inayotakiwa huongezeka takriban kwa kadiri ya mwendo uliozidishwa kwa nafsi yake mara tatu. Meli ikipunguza mwendo kwa sehemu 10 katika 100, nguvu inayotakiwa hupungua kwa sehemu 27. Ni kweli kwamba safari inakuwa ndefu zaidi. Lakini hata baada ya kuhesabu muda huo, mafuta ya safari nzima hupungua kwa sehemu 19 hivi. Hapa hakuna chombo kipya kilichobuniwa: nahodha amepunguza mwendo tu.

3. Upepo: maarifa yaliyosubiri karne

Mnamo mwaka 1852, Heinrich Gustav Magnus, profesa wa Berlin, alieleza nguvu inayokisukuma upande kitu cha mviringo kinachozunguka huku upepo ukikipiga. Kila aliyetazama mpira wa miguu ameiona nguvu hiyo: mpira uliopigwa kwa kuzungushwa hupinda njiani na kumpita kipa. Upande mmoja wa mpira hewa huharakishwa na ule mzunguko. Upande wa pili hucheleweshwa. Hewa iendayo upesi husukuma kidogo kuliko iendayo polepole, na mpira huelekea upande wenye msukumo hafifu.

Mjerumani Anton Flettner aliitumia kanuni hiyo baharini. Baada ya majaribio katika maabara ya hewa ya Göttingen, iliyokuwa chini ya profesa Ludwig Prandtl, meli iitwayo Buckau iliondolewa milingoti na matanga yake mwaka 1924, ikasimamishiwa minara miwili ya chuma yenye urefu wa mita 15 na zaidi. Mota ndogo ziliizungusha minara, na upepo wa ubavuni ukaisukuma meli mbele. Mwaka 1926, ikiwa imepewa jina la Baden-Baden, ilivuka Bahari ya Atlantiki na kufika New York salama.

Hata hivyo, uvumbuzi huo haukuenea. Haikuwa kwa sababu minara ilishindwa kazi. Mafuta yalikuwa rahisi, injini za dizeli zilizidi kuboreshwa, na mwenye meli hakuona faida ya kungojea upepo. Moshi haukuwa na bei. Kwa hiyo kuuepuka hakukuwa na malipo.

Fikra hiyo iliamshwa tena katika karne hii. Mwaka 2018 meli ya mafuta Maersk Pelican iliwekewa minara miwili ya aina ya Flettner, yenye urefu wa mita 30, iliyoundwa Finlandi. Katika miezi 12 ya majaribio, akiba ya mafuta iliyothibitishwa ilikuwa asilimia 8,2. Katika Japani, Chuo Kikuu cha Tokyo kilianzisha mwaka 2009 mradi wa pamoja na makampuni ya meli wa kuunda tanga lisilo la kitambaa. Matokeo yake ni meli Shofu Maru, iliyoanza kazi Oktoba 2022, ikichukua makaa ya mawe. Juu ya gubeti yake limesimama tanga moja la vipande vinne vinavyoingiana kama darubini. Likinyooshwa hufika mita 53 hivi, na upepo ukizidi hushushwa. Hesabu za waundaji zilitaja akiba ya asilimia 5 katika safari za Japani na Australia, na asilimia 8 katika safari za Japani na pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Tofauti hiyo inatokana na pepo za njia zenyewe.

Msomaji wa Kiswahili haingii katika elimu hii kama mgeni. Lugha ya pwani imehifadhi tanga, mlingoti na foromali; imehifadhi joshini, upande unakotoka upepo, na demani, upande unakoelekea; imehifadhi kaskazi na kusi, pepo za majira zilizoendesha majahazi baina ya Afrika ya Mashariki, Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Zaidi ya hayo, jahazi liendalo likielekea joshini husukumwa na tofauti ile ile ya msukumo wa hewa baina ya pande mbili za tanga. Basi msamiati haukosekani. Unahitaji kupanuliwa tu. Tukilieleza tanga kwa kazi yake badala ya kitambaa chake, hakuna ubaya kusema «tanga gumu» kwa chombo cha Shofu Maru, wala «mnara wa upepo» kwa kile cha Flettner.

4. Mafuta mapya na mgawanyo wa gharama

Upepo peke yake hautoshi kwa meli kubwa za leo. Ndiyo maana watafiti wanachunguza pia mafuta yasiyo na kaboni. Amonia ndiyo inayotajwa sana, kwa kuwa imeundwa kwa hidrojeni na nitrojeni tu. Lakini ina sumu kali. Huchukua nafasi karibu mara tatu ya mafuta ya kawaida kwa nguvu ile ile. Tena ikiungua vibaya huweza kutoa hewa nyingine yenye kuzuia joto kuliko hewa ya ukaa. Isitoshe, amonia nyingi ya viwandani hutengenezwa kwa gesi asilia, na hapo moshi huwa umehamishwa kutoka melini hadi kiwandani. Itasafika tu ikitengenezwa kwa hidrojeni iliyopatikana kwa kupasua maji kwa umeme safi, na hiyo ni ghali.

Kizuizi kingine kimo katika mikataba. Meli nyingi hukodishwa kwa muda: mwenye meli hugharimia chombo, mkodishaji hununua mafuta. Mwenye meli akiweka minara ya upepo, fedha zinazotoka ni zake, lakini akiba inayopatikana ni ya mwingine. Watafiti wa London wamelichunguza sana jambo hili, kwa kuwa linaeleza kwa nini vyombo vyenye faida iliyothibitishwa hubaki bila kununuliwa.

Dawa inayopendekezwa ni kuupa moshi bei kwa sheria ya wote. Mwezi Julai 2023, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari zilikubaliana kwamba uchafu wa meli ukomeshwe mwaka 2050 au karibu na hapo. Aprili 2025 mpango wa utekelezaji uliidhinishwa kwa kura 63 dhidi ya 16: meli kubwa zinazovuka kiwango zingelipa dola 100 au 380 kwa kila tani ya ziada, na fedha zingeingia katika mfuko wa pamoja. Oktoba 2025, ulipofika wakati wa kuupitisha, kura 57 dhidi ya 49 ziliahirisha uamuzi kwa mwaka mmoja.

Katika ubishi huo nchi maskini zina jambo lao. Nauli ya meli ikipanda, anayelipa mwishowe ni mnunuzi, na mnunuzi wa Lubumbashi huongezewa pia gharama za barabara ndefu. Kwa upande mwingine, kutofanya lolote nako kuna gharama yake, kwa kuwa joto la dunia huwadhuru hata wale wasiomiliki meli. Swali zito basi si kama moshi utozwe tu, bali fedha za mfuko ziende wapi, na kwa kipimo gani. Swali hilo halijibiwi na wahandisi peke yao. Linawahitaji wanauchumi, wanasheria na wanajiografia wa nchi zilizo mbali na bahari.

5. Hitimisho

Historia ya Buckau ni funzo. Mwaka 1926 chombo kilikuwapo, maarifa yalikuwapo, na bahari ilivukwa. Kilichokosekana ni sababu ya kulipia. Vyuo vikuu vya leo vimeongeza vipimo ambavyo Flettner hakuwa navyo, na kwa vipimo hivyo moshi wa kila meli unaweza kuhesabiwa. Moshi unaohesabika unaweza kutozwa. Kama utatozwa, na kwa haki gani, ni jambo lililo mikononi mwa serikali, na vyuo vikuu vya Afrika vina nafasi ya kuziandalia hesabu zao kabla ya kura kupigwa.