Vikombe Vyekundu, Vikopo Vyeupe

Nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha plastiki Dar es Salaam. Mashine moja, kazi mbili: asubuhi vikombe vyekundu vya sokoni, jioni vikopo vyeupe vya marhamu. Kila tukibadili tulifungua kalibu, tukafunga nyingine, kisha tukasukuma plastiki safi mpaka wekundu uishe. Na hauishi upesi. Vikopo vya kwanza hutoka na rangi ya ufizi wa mtoto. Mwenye dawa anavikataa; mwenye vikombe naye anapiga simu, mzigo wake uko wapi. Bosi alitaka vyote: bei ya chini, ubora wa juu, mzigo kwa wakati. Lawama zikawa zangu.

Nilishastaafu nilipoanza kumsoma Wickham Skinner. Mmarekani huyu, mzaliwa wa 1924, alisomea uhandisi Yale, akafanya kazi Honeywell miaka kumi, ndipo akawa profesa wa biashara Harvard. Namwamini kwa hilo: alishika kazi kabla ya kushika chaki.

Mwaka 1969 aliwasema wakubwa wa makampuni. Masuala ya fedha na masoko wanayakalia vikao; uzalishaji wanawaachia mafundi. Akatoa mfano wa ndege: hakuna awezaye kuunda moja ibebe abiria 500, itue juu ya manowari ya kubebea ndege, tena ipite kasi ya sauti. Kiwanda nacho hakiwezi yote. Lazima kuchagua, na kuchagua ni kazi ya bosi, si ya msimamizi wa zamu. (Hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu.) Mwaka 1974 akaongeza: kipe kiwanda bidhaa chache zenye mahitaji yanayofanana. Huna pesa ya jengo jipya? Gawa hilo hilo, kila upande uwe na watu wake na mashine zake.

Wajapani waliitia shakani hoja yake, maana magari yao yalikuwa bora na nafuu kwa pamoja. Lakini Toyota kwanza ilihangaika na kalibu, ikafupisha kuzibadili kutoka saa kadhaa hadi chini ya dakika kumi. Sisi tulikula nusu zamu.

Skinner alifariki 2019, akiwa na miaka 94. Bosi wangu hakuwahi kumsoma, ila mwaka niliostaafu alinunua mashine ya pili. Inatoa vyeupe tu.