Sura ya Saba: Mkutano Usiolipa Nauli

Tangazo la mkutano wa watunga programu likibandikwa kwenye ukuta wa chuo Butembo, swali la kwanza halihusu programu. Watu huuliza: transporti ni ngapi? Wa pili anataka kujua kama mwishoni kuna brevet. Wa tatu anasogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini kama hawa si wale wanaokwambia uweke dola hamsini, ulete watu watatu, kisha ukae nyumbani ukila faida.

Maswali yote matatu yana mizizi, na wanaouliza si wajinga. Desturi ya kulipwa nauli ili ukae kwenye kiti ililetwa na mashirika ya misaada, ikapea wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, pale Beni na Butembo zilipojaa semina, magari meupe na posho hata watu wakaanza kusema waziwazi "Ebola Business". Hofu ya fedha ni ya zamani zaidi. Mwaka 1991 mchezo wa Bindo Promotion uliporomoka Kinshasa na kumeza akiba za raia, na tangu hapo kila kizazi kimepata Bindo yake. Ya siku hizi imevaa jina la sarafu za kidijitali. Anayesimama mbele ya wanafunzi wa informatiki na kuwaahidi utajiri kabla ya mwaka kwisha, kwa sarafu ambayo yeye mwenyewe hawezi kueleza inatengenezwaje, anafanya kazi ileile ya Bindo, hata awe na projekta na suti nzuri. Waandaaji wanaomwachia kipaza sauti kwa sababu amelipia soda za ukumbi wanawakosea vijana waliowaamini.

Basi watu hukutana kwa ajili ya nini? Mwaka 1955, huko Los Angeles, wahandisi waliokuwa wakitumia mashine kubwa za IBM waligundua kwamba kila kampuni inaandika peke yake programu zilezile ambazo jirani yake ameshaziandika. Wakaunda kundi, wakaliita SHARE, wakaanza kupeana kazi zao na kuibana IBM kwa sauti moja. Miaka 20 baadaye, tarehe 5 Machi 1975, wapenzi wa kompyuta walikusanyika kwenye gereji moja Menlo Park, California, na kuanzisha Homebrew Computer Club. Ni kwenye kundi hilo Steve Wozniak alikoonyesha kompyuta ya Apple I. Upande wetu, Nairobi ilipata kituo cha teknolojia cha iHub mwaka 2010, na watumiaji wa Django, zana ya Python ya kujengea tovuti, kutoka bara zima walikutana Zanzibar Novemba 2023, kisha Arusha 2025. Kwa hiyo wanaodai kwamba mikutano hii ni mtindo mpya wa mashirika yasiyo ya kiserikali wanasahau kwamba ina umri mkubwa kuliko uhuru wa Kongo.

Beni na Butembo zina watu wa kuijaza mikutano hii. Université Catholique du Graben ilianza Butembo mwaka 1989. Beni ina Université Chrétienne Bilingue du Congo, UCBC, iliyoanzishwa 2007 na kufundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, jambo lenye faida ya wazi kwa mtunga programu, kwa kuwa maelezo mengi ya kazi yake huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Ukumbi haukosekani. Kinachomtoa jasho mwandaaji ni siku. Akichagua Jumapili, Wakatoliki na Waprotestanti wako ibadani. Akichagua Jumamosi, amewaacha Waadventista, ambao katika eneo hili ni wengi kiasi cha kuwa na chuo kikuu chao Lukanga, jirani na Butembo. Mgeni kutoka Kinshasa anayepanga ratiba bila kuuliza atashangaa kuona viti vitupu, na mara nyingi atasema vijana wa huku hawana hamu.

Mpango wa sura hii ulikuwa kuchukua dhana potofu moja baada ya nyingine na kuzipa kurasa sawa. Hautafuatwa, kwa sababu iko moja inayodhuru kuliko nyingine zote: imani kwamba bila intaneti hakuna kundi la watunga programu. Imewakatisha tamaa vijana wengi wenye akili. Wanasema forfe ya intaneti ni ghali, mtandao unapotea umeme ukikatika, basi tungoje hali iwe nzuri. Hawana haja ya kungoja, na ushahidi umo ndani ya mashine zao wenyewe.

Ushahidi huo ni Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Linus Torvalds aliiandika Aprili 2005, baada ya wajenzi wa kiini cha Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure programu waliyokuwa wakihifadhia kazi yao. Wanafunzi wengi wanaichanganya na GitHub, kampuni iliyokuja 2008 na kuweka hazina za Git kwenye seva zake. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. GitHub inahitaji intaneti, Git haihitaji. Kila anayenakili hazina ya Git anapata historia nzima ya mradi, tangu mstari wa kwanza ulioandikwa, na anaweza kuisoma, kuirudisha nyuma na kuiendeleza akiwa ameketi Mangina bila alama hata moja ya mtandao kwenye simu.

Halafu kuna amri ambayo ingepaswa kufundishwa siku ya kwanza katika vyuo vyote vya Kivu: git bundle. Mtu wa Butembo anaandika git bundle create duka.bundle --all, na mradi wote pamoja na historia yake unakuwa faili moja. Analitia kwenye flashi. Flashi inapanda gari kwenda Beni, zaidi ya kilomita 50 kwa barabara ya taifa namba 2, na mwenzake anaandika git clone duka.bundle. Kazi imefika. Mara ya pili hana haja ya kutuma yote tena: akiwa ameweka alama mahali walipoishia, tuseme kwa jina la jumatatu, anaandika git bundle create mpya.bundle jumatatu..main, na faili linabeba hatua mpya peke yake. Mpokeaji anaanza na git bundle verify ili ajue kama hazina yake ina msingi wa kupokea hatua hizo. Mradi wa mwanafunzi ni maandishi, na maandishi yakibanwa huwa madogo. Flashi ya bei ya chini kabisa sokoni inabeba kazi ya darasa zima.

Hapo mtu husema: flashi zimejaa virusi, na nani atajua kama dereva au mpwa wake hakubadilisha kitu njiani? Pingamizi la kwanza lina ukweli, ndiyo maana flashi ya kundi haipiti kwenye mashine za sekretaria ya barabarani, na hakuna anayebofya programu aliyoikuta humo. La pili Git imelijibu yenyewe. Kila hatua iliyohifadhiwa hupewa kitambulisho cha herufi na tarakimu 40, kinachokokotolewa kutokana na maudhui ya hatua yenyewe na kitambulisho cha hatua iliyoitangulia. Ukibadilisha nukta moja katika faili la mwaka jana, kitambulisho chake hubadilika, na vyote vilivyofuata hubadilika nacho. Inatosha wa Butembo amsomee mwenzake kwa simu kitambulisho cha mwisho. Kikilingana, historia yote inalingana. Simu ya dakika moja inathibitisha kazi ya miezi.

Vifurushi vya Python vinasafiri vivyo hivyo. Mmoja mwenye mtandao anaandika pip download django -d mizigo, na wengine wanasakinisha kutoka kwenye folda hiyo kwa pip install --no-index --find-links mizigo django. Jambo la kuangalia ni kwamba baadhi ya vifurushi hutengenezwa kwa ajili ya mfumo maalumu; kilichopakuliwa kwenye Windows huenda kikakataa Linux. Kundi lenye utaratibu linapakua vya aina zote mbili mara moja, kwa fedha ya wote, badala ya kila mtu kulipia megabaiti zilezile.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima, na haikurudi kwa karibu wiki tatu. Mwenye kazi yake yote kwenye seva ya ng'ambo alikaa akitazama skrini. Mwenye hazina kamili kwenye mashine yake aliweza kuendelea. Wanaowaambia vijana wa Beni kwamba kila kitu sasa kiko "kwenye wingu", bila kuwafundisha kuweka nakala mkononi, wanawapa ushauri uliotungwa kwa ajili ya mji mwingine.

Dhana nyingine inahusu nani achore ramani, nayo iligharimu zaidi ya muda. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri iliua watu 2,287 kati ya 3,470 waliohesabiwa. Kumfuatilia aliyekutana na mgonjwa kunahitaji kujua anaishi wapi, na miji yenye mitaa isiyochorwa haijibu swali hilo. Wanaojitolea wa ramani ya OpenStreetMap duniani kote walikaa mbele ya picha za setilaiti na kuchora nyumba na njia za eneo hili, kazi iliyoratibiwa na Humanitarian OpenStreetMap Team. Walifanya jambo jema. Lakini setilaiti haisemi jina. Mtu aliyeketi Ulaya anaweza kuona paa huko Bulengera, Butembo, au Mulekera, Beni. Hawezi kujua wakazi wanakiitaje kichochoro, wala kwamba sehemu moja ina majina mawili, moja la komini na moja la watu. Fomu ya mgonjwa huandikwa jina la watu.

Ndiyo maana inauma kusikia kwamba kuchora ramani ni kazi ya wageni wenye vifaa. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa ya mabondeni walichora mitaa yao wenyewe katika mradi wa Ramani Huria, kwa sababu ya mafuriko, na simu za kawaida zilitosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Komini za Kimemi, Mususa na Vulamba mjini Butembo zinaweza kutembewa kwa njia hiyohiyo. Mkutano wa alasiri moja unagawa mitaa, watu wanatoka wawili wawili na karatasi, wanarudi na majina, na kuyaingiza kunahitaji mtandao kidogo sana mwisho wa siku.

Ndani ya mkutano wenyewe, hotuba ndicho kitu cha kupunguza. Kinachofaa ni mtu kuleta msimbo wake ukasomwa na wote, leo wa huyu, wiki ijayo wa yule, kwa zamu kama likelemba. Tuseme mmoja ameleta programu ya duka la vitenge. Kwa dakika za kwanza inapendeza. Kisha mwenzake anauliza: bei iko kwa dola au franka? Maana mfanyabiashara wa Butembo ananunua Dubai au Guangzhou kwa dola na kuuza kwa franka, na kiwango hubadilika. Programu iliyonakiliwa kutoka kwenye somo la ng'ambo ina sarafu moja. Ya hapa lazima ihifadhi kiasi, sarafu na kiwango cha saa ileile ya mauzo. Bila hivyo hesabu ya mwezi uliopita inageuka uongo kila kiwango kinapopanda. Wa tatu anaona kwamba fedha zimewekwa kama namba za desimali za kawaida, anaandika 0.1 + 0.2 kwenye Python, na skrini inajibu 0.30000000000000004. Hapo mwenye programu ameelewa kwa nini hesabu zake za jioni zilikuwa zinapishana, jambo ambalo mwezi mzima wa video haukumwonyesha.

Mfano huohuo unawajibu wanaotangaza kwamba akili bandia imefuta haja ya kujifunza. Ukiiomba programu ya duka, itakuandikia haraka, na ina uwezekano mkubwa wa kukupa sarafu moja kama lile somo la ng'ambo. Haimjui mteja wa Butembo anayelipa nusu kwa dola na nusu kwa Airtel Money ya franka mpaka ielezwe, na anayeweza kueleza ni yule aliyekaa dukani akatazama.

Upande wa usalama hauwezi kurukwa. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na mameya wa miji hii ni maofisa wa polisi. Kundi lenye busara linapeleka barua ya kuarifu katika ofisi ya meya mapema, ikitaja ukumbi, saa na idadi ya watu, na linafunga kazi jua likiwa bado juu ili wa pikipiki za mbali wafike kwao. Neno "hacking" lisiandikwe kwenye barua hiyo wala kwenye bango. Askari anayelisoma ana haki ya kuuliza maswali, na alasiri yote itaishia kwenye majibu. Tangu Goma, makao ya mkoa, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, ofisi za mkoa zimehamia Beni. Ofisi zilizohama zina kumbukumbu za kupanga upya na orodha za kuhakikiwa, na watu wa kuandika programu za kazi hiyo tayari wanakaa mjini humo.