Webuye: hekta 27,000 nyuma ya kiwanda kimoja

Mwaka 2016 kiwanda cha karatasi cha Webuye, ambacho Wakenya wengi bado wanakiita Panpaper, kiliuzwa kwa kundi la kampuni za Rai kwa shilingi milioni 900. Katika siku zake nzuri uwezo wake ulifikia takriban tani 120,000 za karatasi kwa mwaka. Ukigawanya, kila tani ya uwezo ilinunuliwa kwa shilingi 7,500, sawa na kama dola 75 za wakati ule. Linganisha na kiwanda cha kampuni ya Suzano kilichoanza kazi Julai 2024 huko Ribas do Rio Pardo, Brazili. Kile kiligharimu zaidi ya dola bilioni 4 ili kutoa tani milioni 2.55 za rojo ya mbao kwa mwaka, yaani zaidi ya dola 1,500 kwa tani, na hapo mashine ya kuigeuza rojo kuwa karatasi haijahesabiwa.

Wapo waliolalamika kwamba Webuye iligawiwa bure. Naelewa uchungu wao, kwa maana mji mzima uliishi kwa kiwanda kile. Lakini mnunuzi alichukua majengo na mitambo ya tangu 1974. Msitu wa kukilisha kiwanda haukuwa ndani ya bei, wala umeme nafuu, na hapo ndipo hesabu ngumu ilipo.

Tuanze na miti. Tani moja ya rojo inayopikwa kwa kemikali hula kama mita za ujazo 4.5 za magogo. Kwa tani 120,000, hizo ni mita za ujazo 540,000 kwa mwaka. Kiwanda kikifanya kazi siku 300, kinahitaji mita 1,800 kila siku: malori 60 yenye mita 30 kila moja, mvua inyeshe au jua liwake. Msonobari uliotunzwa vizuri katika nyanda za juu za Kenya huongeza kama mita za ujazo 20 kwa hekta kwa mwaka. Kwa hiyo kiwanda kinahitaji hekta 27,000 za misonobari. Ukivuna miti ya miaka 18, ni lazima upande hekta 1,500 kila mwaka bila kuruka hata mmoja. Mashamba yote ya miti ya serikali nchini Kenya ni takriban hekta 150,000, na yanagombewa pia na wenye viwanda vya mbao na plaiwudi, wauza nguzo za umeme na viwanda vya majani ya chai vinavyotafuta kuni.

Miti haijui bei ya karatasi. Gogo lililoingia kiwandani Januari 2009, mwezi ambao Panpaper ilifunga milango ikiwa imelemewa na madeni, likiwamo la umeme, lilikuwa mche mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mche uliopaswa kupandwa mwaka ule wa kufungwa ungekuwa tayari 2027. Katikati ya safari hiyo serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, kuanzia Februari 2018 hadi Julai 2023. Marufuku ile ilikuwa na sababu ya kweli: mito ilikuwa inakauka. Mto Nzoia wenyewe, ambao kiwanda kinaunywa, unatoka Mlima Elgon na milima ya Cherangany. Kosa lilikuwa kuliweka shamba la misonobari lililopandwa ili likatwe katika kapu moja na msitu wa asili unaolinda chemchemi. Kiwanda kinahitaji shamba livunwe kwa wakati, na msitu wa asili usiguswe kabisa.

Sasa upande wa mto. Mbao zikipikwa, karibu nusu ya uzito wake huyeyuka na kubaki katika maji meusi mazito yaliyochanganyika na kemikali za kupikia. Kiwanda chenye afya huyakausha maji hayo na kuyachoma katika tanuri maalumu. Moto wake hutoa mvuke na umeme wa kuendeshea sehemu kubwa ya mitambo, na zaidi ya asilimia 95 ya kemikali hurudi kutumika tena. Tanuri likiwa bovu, kemikali mpya zinunuliwe kwa dola, umeme ununuliwe kwa shirika, na uchafu uelekee mtoni. Watu wa Webuye waliovuta harufu ya mayai viza na kuona mabati yao yakiliwa na kutu walikuwa wanalipa sehemu ya gharama ambayo haikuandikwa katika vitabu vya kampuni. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tuchague kati ya ajira na mazingira. Tanuri hilo moja ndilo linalookoa faida, na ndilo linalookoa samaki.

Shida ni kwamba tanuri, mtambo wa kusafisha majitaka na mafundi wake havipungui bei sawia kiwanda kinapokuwa kidogo. Ribas hutoa kama tani 7,000 kwa siku. Kazi ya Webuye ya mwaka mzima, wao wanaimaliza kwa siku 17 na ushei, na mikalitusi yao inavunwa ikiwa na miaka saba hivi. Mgololo, kiwanda cha karatasi kule Mufindi, Tanzania, ilijengwa kwa uwezo wa tani 60,000, nusu ya Webuye, ikiwa na msitu mkubwa wa Sao Hill karibu, na bado ilisimama miaka mingi kabla ya kubinafsishwa. Mzigo wa gharama zisizopungua unagawanywa kwa tani chache mno.

Umeme unaongeza uzito. Tuchukue uniti 800 kwa tani, kiasi cha kawaida. Kwa tani 120,000 ni uniti milioni 96. Kila shilingi moja inayoongezwa kwenye uniti, kama kiwanda hakijizalishii chochote, ni milioni 96 za hasara mpya kwa mwaka, na mnunuzi wa karatasi hataki kusikia habari hiyo, kwa kuwa meli ya Mombasa inamletea nyingine. Karatasi ya Misri inaingia bila ushuru kwa mkataba wa biashara wa COMESA.

Wateja, hata hivyo, wapo. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, karatasi ya kaki imepata soko pana. Saruji inahitaji mifuko, na chai ya kuuzwa nje husafiri katika magunia ya karatasi. Maboksi yanaweza kutengenezwa kwa karatasi chakavu: tani 1.2 au 1.3 za chakavu hutoa tani moja, bila magogo na bila tanuri la maji meusi. Lakini nyuzi huchoka na kukatika baada ya kurejelezwa mara tano hadi saba, na mfuko wa saruji unadai nyuzi ndefu za msonobari, la sivyo unapasuka begani kwa mbebaji.

Ningependa kuona kiwanda kinachopimwa kwa msitu uliopo: sehemu kubwa ya kazi iwe karatasi chakavu, na rojo ya msonobari tani 40,000 tu. Nakiri kwamba kwa kipimo hicho tanuri litakuwa ghali kwa kila tani, na serikali italazimika kuchangia mtaji wake kama inavyochangia mtambo wa majitaka wa mji. Hata hivyo msitu unashuka hadi hekta 9,000, na upandaji hadi hekta 500 kwa mwaka. Ukiacha nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, hiyo ni miche 800,000. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, kwa hiyo miche haikosekani. Kinachokosekana ni mkataba wa miaka 18 unaosema miche hiyo ni ya nani, nani atalipia palizi na kupogoa, na itakatwa mwaka gani.