Umeokota kamera kuukuu ya filamu? Ipime kabla ya kuitilia roli

Fungua albamu ya nyanya, iwe nyumbani kwenu ni Kitale au Bungoma, na huenda ukakutana na picha ya mraba, nyeusi na nyeupe, babu akiwa na tai na uso hauna utani. Umbo hilo halikuletwa na Instagram. Linatokana na filamu pana inayoitwa 120, ambayo Kodak iliiingiza sokoni mwaka 1901 na inatengenezwa mpaka leo. Kwa picha za mraba kama hizo, Malick Sidibé wa Bamako, Mali, aliwanasa vijana wa enzi zake wakijiachia, na mwaka 2003 akatuzwa Hasselblad.

Kamera hizo zimerudi kutafutwa. Shida ni kwamba muuzaji wa mtumba atakwambia, “Iko sawa, ni kuweka filamu tu.” Usikubali haraka. Roli moja ya 120 inapita shilingi 1,000, inatoa picha 12 tu za mraba, na bado hujalipia kuosha.

Halafu kuna siku ambazo hazirudi. Bungoma, Agosti ya kila mwaka wa shufwa, Wabukusu hutahiri wavulana wao. Kijana hurudi kutoka mtoni alfajiri, mwili umepakwa matope, umati ukiimba Sioyaye. Familia ikikuruhusu kupiga picha, una dakika chache na mwanga hafifu. Shata ikigoma hapo, huwezi kumwambia arudi mtoni aje tena.

Tuchukue mfano wa Yashica Mat-124G, kamera ya Kijapani iliyotoka mwaka 1970 na kuundwa hadi 1986. Ina lenzi mbili: ya juu ni ya kuangalia, ya chini ndiyo inayopiga. Vipimo vifuatavyo havihitaji filamu. Beba simu, kiberiti chenye tochi na kipande cha karatasi ya kunakilia ramani, ile ya somo la Jiografia.

Shata

Hapa ndipo kamera nyingi huumwa. Weka spidi ya sekunde 1, bofya, sikiliza. Ukisikia mlio wa “zzzz” ukikokota hadi sekunde tatu, au shata ikibaki wazi, grisi ya ndani imekauka ikawa gundi.

Kisha fungua mgongo, elekeza kamera dirishani, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa kwa f/3.5, na uirekodi kutoka nyuma kwa video ya slow motion ya fremu 240 kwa sekunde. Kwa spidi ya 1/30 mwanga uonekane kwenye fremu kama 8. Kwa 1/60, kama 4. Ukihesabu 20 badala ya 8, hiyo ni noma: picha zitaungua kwa mwanga na kutikisika.

Rudia kipimo saa kumi na mbili asubuhi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake zina baridi. Baridi huikaza grisi kuukuu, kwa hivyo kamera iliyofanya kazi poa mchana Bungoma inaweza kugoma alfajiri Kitale. Na kumbuka, alfajiri ndiyo saa ya kutumia hizo spidi za polepole.

Usiipulizie WD-40 wala kuitia mafuta ya cherehani. Mafuta husambaa hadi kwenye vile vibamba vyembamba vya shata na kuvigandisha. Mtafute fundi wa saa. Spidi za polepole huendeshwa na meno madogo kama ya saa ya mkono, na yeye anajua kuyasafisha yakabaki makavu. Pia usiguse kitufe cha kujipiga mwenyewe. Kwenye kamera za umri huu hukwama katikati na kufunga kila kitu.

Lenzi na fokasi

Mulika tochi kupitia lenzi. Vumbi kidogo si hoja. Nyuzi kama za buibui ni kuvu. Zikiwa pembeni unaweza kuishi nazo, lakini zikijaa katikati, picha zitakuwa kama ukungu wa Mlima Elgon. Usihifadhi kamera ndani ya mfuko wake wa ngozi, kwa sababu unashika unyevu. Tumia kopo la plastiki na vile vipakiti vya kukausha unavyopata kwenye boksi la viatu.

Sasa tandaza ile karatasi mahali filamu inapopita, weka spidi ya B, shikilia kitufe, na utazame mlingoti wa simu ulio mbali. Kama lenzi ya juu inauonyesha vizuri na karatasi inauonyesha ukiwa na ukungu, kuna mtu aliifungua kamera akairudisha vibaya. Hapo teremsha bei sana, au mwachie mwenyewe.

Mwanga unaovuja

Usiku, zima taa, tia kile kiberiti chenye tochi inayowaka ndani ya kamera, funga mgongo. Ukiona mstari wa mwanga ukingoni, sponji nyeusi za mlango zimeoza. Zikwangue, ubandike uzi mweusi wa sufu. Ni kazi ya jioni moja.

Krenki na mita

Krenki huzungushwa mbele hadi isimame, kisha hurudishwa nyuma ili kukoki shata. Ikikwama, usilazimishe. Hakikisha bamba la mgongoni limewekwa 120. Alama ya 220 ilikuwa ya roli ndefu ya picha 24. Unapopakia, pangilia mshale wa karatasi na alama za kamera, filamu ikiwa imekazwa, la sivyo picha zitapandiana.

Mita ikikufa, usilie. Betri yake ya zebaki ya volti 1.35 haiuzwi tena, na shata haihitaji betri. Tumia programu ya simu, au kanuni ya wazee: filamu ya ISO 100 kwenye jua kali, spidi 1/125 na f/16, mawingu yakitanda, f/8.

Ikifaulu yote hayo, roli ya kwanza iwe ya mtihani. Piga ukuta wa matofali, stendi ya matatu, rafiki aliye kivulini, na uandike spidi na f ya kila picha daftarini. Ioshwe, uisome fremu kwa fremu. Roli ya pili ndiyo ya Agosti.