Pumzi na Damu (4): Sumu ya Jiko Ilivyofanywa Kipimo

Baridi ya Juni imeingia Lushoto, na onyo la kila mwaka limetolewa tena: msilale na jiko la mkaa chumbani. Muuaji ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoing'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hewa hiyo hiyo ndiyo hutumika kujua utando wa mapafu unapitisha kiasi gani kuingia kwenye damu.

Kazi hiyo ni ya Marie Krogh wa Denmark, na sichoki kumtaja. Christian Bohr, bingwa wa Copenhagen, alishikilia kwamba mapafu huisukuma oksijeni ndani ya damu, kama tezi inavyotoa mate. Aliyekuwa msaidizi wake, August Krogh, pamoja na mkewe Marie, walipima badala ya kubisha. Makala zao saba za 1910 zilionyesha kuwa hewa hupenya yenyewe, kutoka penye shinikizo kubwa kwenda penye dogo. Marie, ambaye alikuwa daktari, hakuishia hapo. Mwaka 1915 alieleza njia yake: mtu avute kaboni monoksaidi kidogo mno, abane pumzi, kisha atoe. Iliyopungua imenyakuliwa na damu.

Nobel ya 1920 alipewa mume, kwa utafiti wa mishipa midogo ya damu. Mke huyu mashuleni hatajwi kabisa, na walimu wa sayansi tunastahili lawama.

Mwaka 1957 Ogilvie na wenzake walikiwekea kipimo utaratibu: pumzi hubanwa sekunde 10, na heliamu, isiyoingia kwenye damu kirahisi, huonyesha ukubwa wa mapafu yaliyopokea hewa.

Nafasi inakwisha na ya kwetu sijayagusa. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Hadi hapo, mama anayetoka kwenye mafiga huja kupimwa damu yake ikiwa imeshabeba kaboni monoksaidi, na majibu hushuka hata kama utando ni mzima. Upungufu wa damu nao huyashusha. Mwinuko huyapandisha: Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, oksijeni ina shinikizo dogo kuliko Tanga mjini, hivyo haishindani sana na kaboni monoksaidi. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu majibu, apimwe kwanza wingi wa damu, na aulizwe asubuhi hiyo amepikia nini.